Ratiba ya Sikonge

Nimeshaandika ratiba tatu nyuma ya stakabadhi
za chama cha msingi, tumbaku ya mwaka juzi,
kwa kuwa karatasi za ofisi zimekwisha
na mwalimu mkuu kalala na ufunguo.

Ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilinyooka kama reli ya Kaliua.
Ijumaa, saa kumi na mbili: kufika, kuhesabiwa.
Saa moja: Maana ya Uongozi.
Saa mbili: Sifa za Kiongozi Bora,
kumi na nne, nilizinakili mwenyewe
kwenye semina, Tabora mjini, kalamu ya bure, soda mbili.
Nilipoisoma kwa sauti
jogoo wa jirani aliwika, saa nne hiyo ya usiku,
nikajua hata yeye kachoka.

Mwaka jana niliifundisha yote, neno kwa neno.
Watoto thelathini na mmoja, skafu zimepigwa pasi ya mkaa.
Sifa walizikariri, hasa Mihayo,
kiongozi wa kikosi cha Nyuki, sauti kama filimbi:
"Kiongozi ni mfano! Kiongozi ni dira!"
Mchana tukaingia miomboni, dira mkononi mwake.
Akatuongoza vizuri sana,
kwa kujiamini, bila kugeuka nyuma,
hadi kwenye mizinga ya watu.

Kikosi cha Nyuki kikafukuzwa na nyuki.
Kofia yangu iko huko mpaka leo.
Tulipoacha kukimbia kila mtu alikuwa na neno lake,
na Mihayo, jicho moja limefumba kwa uvimbe,
bado anaonyesha njia.

Ni Milembe, wa darasa la tano,
mbeba sufuria, asiye kiongozi wa chochote,
aliyesema, "Tuhesabiane."
Tukahesabiana. Thelathini.
Tukarudia. Thelathini.
Akaitua sufuria, akaipiga kwa mwiko,
akanyamaza. Akapiga,
akanyamaza,
na kimya kile ndicho kinachoninyima usingizi,
hadi Shija akaitika kutoka juu ya mninga.

Nimezipitia tena zile kumi na nne.
Hakuna inayosema: nyamaza usikie.

Basi hii ni ya nne.
Ijumaa: fikeni, pikeni. Sitawaambia kuni ziko wapi.
Unga nitautoa pungufu, si sana, kilo moja,
nione nani anajipakulia mwisho.
Jumamosi asubuhi: mafundo ya kamba, wawili wawili,
mkono wa kulia wa huyu, wa kushoto wa yule,
mingine nyuma ya mgongo.
Nataka niwasikie wakigombana.
Saa sita kila kikosi kinabadili kiongozi,
na aliyeshuka ndiye mbeba sufuria.
Usiku, motoni: kila mtu na kosa lake.
Nitaanza mimi, na ile kofia.
Mihayo ameshaomba awe wa pili.

Saa kumi jioni nimeiacha wazi.
Kamishna wa wilaya ataweka kidole papo hapo, namjua.
"Mwalimu Nyamizi, hapa pana nini?"
Nitasema mapumziko, ili atie sahihi.
Lakini mvua za kwanza zitakuwa zimenyesha,
uyoga umechomoza, watoto hawana filimbi wala mimi.
Mmoja atasema, tuchume. Mwingine, huo una sumu.
Mwingine atauliza kwani nani amekuchagua wewe.
Nami nitakuwa nyuma ya kichuguu na daftari langu,
karibu kiasi cha kuwahi mkono kabla ya mdomo,
nimeuma ulimi.
Somo hilo ndilo gumu kuliko yote,
na mwanafunzi wake ni mimi.

Chini, penye bajeti:
unga, maharage, chumvi, kamba mita arobaini,
sufuria ileile.
Kofia niliiandika, nikaifuta.
Nyuki wakimaliza kuivaa watanirudishia.